Benki Mpya Yakuita kwa Riba Kubwa: Piga Hesabu Kabla ya Kuhama

Majira ya bonasi ya majani chai yanapokaribia, wageni huongezeka katika masoko yetu. Utawaona Keroka, utawaona Nyansiongo, na siku nyingine hufika hata Gesima penyewe. Wamevaa fulana zenye jina la benki, wamesimamisha mwavuli mkubwa kando ya barabara, na kila apitaye hupewa karatasi. Karatasi hizo husema maneno yanayofanana: fungua akaunti kwetu, leta fedha zako, nasi tutakulipa riba kubwa kwa miezi mitatu ya kwanza.

Hao si wezi. Benki hutafuta wateja kama vile mwenye duka atafutavyo wateja, na mkulima ana haki ya kuuza fedha zake mahali panapolipa vizuri, kama auzavyo ng'ombe wake. Lakini ng'ombe huuzwi kwa kutazama pembe tu. Somo letu la mwezi huu ni juu ya riba hiyo ya miezi ya mwanzo, ambayo hapa tutaiita riba ya ukaribisho. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Benki nayo humkirimu mgeni kwa miezi mitatu. Yatupasa kujua mapema jembe hilo litakuwa zito kiasi gani.

Asilimia ni ya mwaka

Wazee wetu waliopata mashamba ya settlement wanaijua riba tangu zamani, ila waliijua kwa upande wa kulipa. Katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, mkopo wa ardhi ulitakiwa kulipwa kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 6½. Asilimia hiyo ilikuwa ya mwaka mzima. Hali kadhalika, benki ikikuambia itakulipa asilimia 9, maana yake ni shilingi 9 kwa kila shilingi 100 iliyokaa mwaka mzima. Ikiwa ahadi ni ya miezi mitatu, basi utapata robo tu ya hizo 9, yaani shilingi 2 na senti 25 kwa kila mia. Watu wengi huisikia 9 wakafikiri ni 9 kwa miezi ile mitatu. Mwenye kugawa karatasi hasemi uongo, lakini pia hana haraka ya kukusahihisha.

Soma pia neno "hadi". Karatasi ikisema "riba hadi asilimia 9", huenda hiyo 9 ni ya mtu mwenye shilingi milioni moja, na wewe mwenye elfu themanini utapewa 4. Uliza hivi: "Kwa fedha zangu mimi, kiasi hiki, ni asilimia ngapi?" Omba jibu liandikwe.

Jambo la tatu ni kodi. Riba ya benki hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijaingia mkononi mwako. Benki yenyewe huikata na kuipeleka Serikalini. Hili si kosa la benki, ila ni lazima liingie katika hesabu.

Hesabu ya mkulima mmoja

Tuseme mkulima wa hapa amepokea bonasi ya Sh. 80,000. Akaunti yake ya zamani ni ya akiba, nayo hulipa asilimia 3 kwa mwaka. Benki mpya yaahidi asilimia 9 kwa miezi mitatu, kisha asilimia 2. Viwango hivi si vya benki yo yote; tumevichagua ili hesabu iwe nyepesi.

Kama fedha zote zitakaa bila kuguswa miezi mitatu, benki mpya itampa Sh. 600 kila mwezi, jumla Sh. 1,800. Kodi ni Sh. 270, kwa hiyo abaki na Sh. 1,530. Benki ya zamani ingempa Sh. 200 kila mwezi, jumla Sh. 600, na baada ya kodi Sh. 510. Tofauti ni Sh. 1,020. Si haba.

Lakini ni nani katika sisi ambaye bonasi yake hukaa miezi mitatu bila kuguswa? Bonasi kwa kawaida huja Oktoba, na Januari shule hufunguliwa. Katikati yake kuna mabati, kuna deni la mbolea, kuna harusi ya mtoto wa ndugu. Basi tuseme mwezi wa kwanza ana Sh. 80,000, wa pili amebaki na Sh. 50,000, na wa tatu Sh. 30,000. Benki mpya itampa 600, kisha 375, kisha 225, jumla Sh. 1,200; baada ya kodi ni Sh. 1,020. Benki ya zamani ingempa Sh. 400, na baada ya kodi Sh. 340. Tofauti sasa imeshuka kuwa Sh. 680.

Toa gharama. Alikwenda mjini mara mbili, nauli Sh. 400 kwa safari zote. Picha na nakala za karatasi, Sh. 150. Ile Sh. 680 imekuwa Sh. 130, naye alipoteza siku mbili ambazo majani yalikuwa yakikomaa kupita kiasi shambani.

Bado hatujamaliza, maana karatasi ile ilikuwa na maandishi madogo chini. Akaunti nyingi za akiba zina sharti la kutotoa fedha mara kwa mara; ukitoa, unapoteza riba ya mwezi huo. Mkulima wetu alitoa mwanzoni mwa mwezi wa pili na tena mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Basi atalipwa Sh. 600 za mwezi wa kwanza peke yake, na baada ya kodi Sh. 510. Amezidi benki ya zamani kwa Sh. 170, naye alitumia Sh. 550 kuhama. Amepata hasara ya Sh. 380 kwa kuifuata riba iliyokuwa mara tatu ya ile ya kwanza! Na kama Sh. 20,000 zitabaki humo kwa miezi tisa iliyosalia ya mwaka, asilimia 2 itampa Sh. 300 mahali ambapo angepata Sh. 450, kabla ya kodi.

Sasa geuza hesabu upande wa pili, ili tusiwe watu wa kukataa kila jambo. Mama mmoja ameuza ng'ombe na kupokea malipo ya uzeeni ya marehemu mumewe. Ana Sh. 300,000 ambazo hataki kuzigusa mpaka mtoto aingie chuo mwaka ujao. Tofauti ya asilimia 6 kwa miezi mitatu ni Sh. 4,500, toa kodi Sh. 675, abaki na Sh. 3,825. Huyu na ahame, au tuseme vizuri zaidi, fedha hizo na zihame. Mwezi wa nne ukifika na riba ikashuka, asilale. Azitoe azipeleke penginepo, au azifunge katika akaunti ya muda maalumu ambayo kiwango chake hakibadiliki mpaka siku ya mwisho.

Kwa hiyo kinachoamua si ukubwa wa asilimia iliyoandikwa kwenye mwavuli. Tazama ni fedha ngapi, zitakaa siku ngapi bila kuguswa, na nini kitakatwa.

Akaunti yako ni ya aina gani?

Wako wakulima ambao hupokea fedha za majani kila mwezi na hawajapata kuuliza akaunti yao ni ya aina gani. Akaunti ya hundi, au ile iitwayo ya malipo, ambayo fedha huingia na kutoka kila siku, hapa Kenya kwa kawaida hailipi riba hata senti moja. Akaunti ya akiba hulipa kidogo. Ya muda maalumu hulipa zaidi kwa sababu umekubali kufungiwa. Mtu aweza kutamani kuhamia benki nyingine kumbe dawa iko katika benki yake mwenyewe: afungue akaunti ya akiba kando ya ile ya malipo, bila nauli nyingi na bila kugusa karatasi za kiwanda.

Jambo hili lilionekana waziwazi miaka michache iliyopita. Sheria ya mabenki ilibadilishwa 2016, na kuanzia tarehe 14 Septemba mwaka huo kila akaunti yenye kulipa riba ilitakiwa kulipa angalau asilimia 70 ya kiwango cha Benki Kuu. Siku chache baadaye kiwango hicho kiliwekwa asilimia 10, basi mwenye akiba hakutakiwa kupata chini ya asilimia 7. Wengi walifurahi. Lakini sheria ilisema akaunti yenye kulipa riba, na baadhi ya benki zikaanza kuziita akaunti za wateja wao kuwa ni za malipo tu, zisizo na riba. Mwenye kusoma barua za benki aliliona. Asiyesoma alikaa akingoja asilimia 7 ambayo haikuja. Mwaka 2018 Bunge liliondoa ulinzi huo wa wenye akiba, na tangu hapo kila benki hujipangia.

Tena viwango hupanda na kushuka pamoja na kile cha Benki Kuu. Februari 2024 kilifika asilimia 13, na kuanzia Agosti mwaka huo kikaanza kushushwa. Karatasi iliyochapwa wakati ule haifai kutumiwa leo. Jirani akikuambia "mimi nilipata kumi na moja", muulize alipata mwaka gani.

Wenzetu wa Uingereza

Huko Uingereza mchezo huu wa riba ya ukaribisho umechezwa sana, hata katika akaunti za hundi. Nationwide kwa miaka kadhaa ililipa asilimia 5 kwa mwaka wa kwanza, lakini kwa pauni 2,500 za kwanza peke yake. Mwaka ukiisha ilikuwa asilimia 1. Santander ilianza 2012 kulipa asilimia 3 kwa fedha mpaka pauni 20,000. Novemba 2016 ikashusha kuwa 1½. Watu hodari wa huko walikuwa wakihama kila mwaka kama wachungaji wafuatao majani mabichi.

Waliweza kwa sababu moja ambayo sisi hatuna. Tangu Septemba 2013 iko huduma ya kuhamisha akaunti kwa siku 7 za kazi: mshahara, malipo ya kila mwezi na yote yanayokatwa huhamishwa na benki zenyewe, na fedha zikija kwa anwani ya zamani husukumwa mpaka mpya. Kwetu kazi hiyo yote ni ya mwenye akaunti. Na hapa ndipo mkulima wa majani chai aweza kuumia zaidi kuliko kwa ile Sh. 380.

Njia ya fedha za majani

Fedha za majani hutoka kiwandani kupitia akaunti uliyoiandikisha pamoja na namba yako ya mkulima. Ukitaka zipite njia nyingine ni lazima ujaze karatasi kiwandani, na majina yafanane na ya kitambulisho na ya benki mpya. Herufi moja ikikosewa, fedha hurudi zilikotoka, nawe utasimama dirishani mwezi mzima ukiulizwa maswali. Yako mashamba ambayo namba yake bado ni ya baba aliyekwisha fariki. Mwenye hali hiyo asianze na benki. Aanze kwa kurekebisha namba.

Tazama pia mikopo. Kama ulikopa benki au Sacco kwa kuahidi fedha za majani, mara nyingi ulitia sahihi kwamba malipo hayatahamishwa mpaka deni liishe. Ukiyahamisha, umevunja ahadi. Deni lote laweza kudaiwa kwa pamoja, na wadhamini wako waanze kukatwa. Wadhamini wenyewe ni nani? Ni jirani wa mpakani, ni shemeji, ni mwalimu wa kanisani. Riba ya robo mwaka haiwezi kununua amani na watu hao. Na kama wewe ndiwe mdhamini wa mwingine, akiba yako katika Sacco imefungwa kwa sehemu hiyo, hata ukipewa riba ya dhahabu kwingine.

Juu ya Sacco kuna hesabu nyingine ambayo karatasi ya benki haiandiki. Katika vyama vingi, mwanachama aweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Ukitoa Sh. 60,000 kwa kufuata riba ya miezi mitatu, umeondoa nafasi ya kukopa Sh. 180,000 siku ambayo mtoto ataitwa chuoni au ng'ombe wa maziwa atakapokufa.

Na hapa niseme jambo ambalo kwa maoni yangu lastahili kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, ingawa hakuna mwavuli utakaolisema. Tuseme una deni la Sh. 50,000 kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi ya kiasi kilichobaki. Ukitoa Sh. 50,000 katika bonasi ukalimaliza, mwezi wa kwanza umeokoa Sh. 500. Hiyo ni kama kulipwa asilimia 12 kwa mwaka, haikatwi kodi, na haishuki mwezi wa nne. Uliza kwanza kama chama chako hutoza cho chote kwa kulipa kabla ya wakati. Kama hakitozi, ni benki gani ya sokoni itakayokupa zaidi ya hapo?

Je, fedha zenyewe zina usalama?

Benki ndogo na mpya mara nyingi hulipa riba kubwa kuliko kubwa, kwa kuwa hazina jina. Haina maana kwamba ni mbaya. Lakini wakulima wakumbuke Oktoba 2015, Benki Kuu ilipoiweka Imperial Bank chini ya msimamizi, na Aprili 2016, zamu ya Chase Bank. Milango ilifungwa asubuhi, na wenye fedha nyingi walingoja miaka wapate sehemu tu. Siku hizo bima ya amana ilikuwa Sh. 100,000 kwa mteja. Tangu 2020 ni Sh. 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Ukiwa na akaunti tatu katika benki moja zote huhesabiwa pamoja, basi mwenye Sh. 800,000 afadhali azigawe katika benki mbili.

Bima hiyo ni ya benki zilizopewa leseni na Benki Kuu, pamoja na benki ndogo za mikopo zilizo chini yake. Sacco haimo, Sacco zenye kupokea amana husimamiwa na SASRA, na jina la chama chako lapaswa kuwa katika orodha yake ya kila mwaka. Mifuko ya uwekezaji inayotangazwa kwenye simu nayo haimo katika bima hiyo. Husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kiwango chake hubadilika kila siku. Na mtu akija nyumbani usiku akiahidi asilimia 10 kwa mwezi, huyo si wa somo hili. Mpeleke kwa chifu.

Ukiamua kuhama

Kama hesabu yako imeonyesha faida, fanya hivi. Peleka akiba peke yake kwanza, na malipo ya majani uyaache yaendelee kupita njia ya zamani. Chukua kitambulisho, cheti cha namba ya kodi ya KRA, na picha. Kabla ya kutia sahihi mwulize karani mambo haya, naye ayaandike juu ya karatasi yenye muhuri: riba ya fedha zangu ni asilimia ngapi, itakwisha tarehe gani, baada ya hapo itakuwa ngapi, kiasi cha chini ni shilingi ngapi, nikitoa mara moja nitapoteza nini, na kila mwezi mtanikata nini. Karani mwema hatachukia. Akichukia, umekwisha pata jibu.

Tarehe ya mwisho ya riba ya ukaribisho iandike mahali utakapoiona, kwa mfano ndani ya kitabu cha majani. Wiki moja kabla yake nenda ukaulize kiwango kipya.

Ikiwa baadaye wataka malipo ya majani nayo yahame, kwanza pata barua kutoka kwa benki au Sacco ya zamani kwamba huna deni. Jaza karatasi ya kiwandani mapema katika mwezi wenye malipo madogo, wala si Septemba wakati bonasi yaandaliwa. Usiifunge akaunti ya zamani mpaka uone malipo mawili yameingia katika mpya. Acha humo shilingi za kutosha makato, na siku utakapoifunga omba karatasi ya kuthibitisha imefungwa, kwa kuwa akaunti iliyoachwa wazi yaweza kuendelea kukatwa hadi iwe deni.